Filamu ya Kericho na Mizani ya Rungwe

Tarehe 20 Februari 2023 BBC ilirusha filamu ya uchunguzi kuhusu mashamba ya chai ya Kericho, nchini Kenya. Jina lake ni Sex for Work: The True Cost of Our Tea, na ilitengenezwa na vipindi vya Africa Eye na Panorama kwa ushirikiano. Zaidi ya wanawake 70 waliwaeleza waandishi kwamba walidhalilishwa kingono na wasimamizi wao, katika mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na kampuni mbili za Uingereza, Unilever na James Finlay. Mwandishi mmoja wa kike, aliyefichwa jina lake, aliingia humo akijifanya anatafuta kibarua. Kamera ya siri ikanasa alichoahidiwa, na bei aliyotakiwa kulipa.

Hapa Igogwe, wilayani Rungwe, filamu hiyo ilipita kwenye simu kama yanavyopita mambo mengi, vipande vipande, wengine wakiona dakika tatu na wengine wakisimuliwa tu. Maneno niliyoyasikia yalikuwa ya namna tatu. Wapo waliosema hayo ni ya Wakenya. Wapo, wengi wao wanaume, waliosema mwanamke anayekwenda hotelini na bosi anajua anachokifuata. Na wapo waliowalaani Wazungu wenye mashamba, wakaishia hapo. Maneno hayo yanastahili kujibiwa kwa uzito, kwa sababu Rungwe ni wilaya ya chai, na kwa sababu kila mojawapo linatuondolea kazi ya kufikiri jinsi uonevu ule ulivyoendeshwa siku hadi siku.

Nianze na hilo la pili, la mwanamke kujua anachokifuata, maana ndilo baya zaidi.

Filamu inaonyesha hivi. Mwandishi yule aliitwa kwenye usaili na wakala aliyekuwa akiipatia James Finlay vibarua, mtu aliyewahi kuwa meneja wa mashamba kwa miaka mingi. Usaili ulifanyika katika chumba cha hoteli. Mwanamume akambana dirishani, akamtaka avue nguo, akamwambia atampa fedha na kisha kazi. Alidai kwamba yeye amemsaidia, basi naye amsaidie. Alikataa akaondoka. Baadaye akapata kibarua kwenye shamba la Unilever. Siku ya kuwapokea wafanyakazi wapya meneja mmoja alisimama mbele yao kuhutubia juu ya msimamo wa kampuni wa kutovumilia kabisa unyanyasaji wa kingono. Jioni ya siku ileile meneja huyohuyo alimwalika kwenye baa ya hoteli, akamtaka waende nyumbani kwake. Alipopangiwa palizi, kazi ya kuinama kutwa, kiongozi wa kundi alimtaka kingono ili amhamishie kwenye kazi nyepesi.

Ukitazama kwa makini utaona kuwa kila mara kitu kinachouzwa ni kilekile: kibarua, au nafuu ndani ya kibarua. Anayeuza si mwenye shamba. Ni mtu wa ngazi ya kati au ya chini kabisa, aliyepewa kalamu ya kuandika majina ya watakaofanya kazi kesho. Mwanamke aliye mbele yake ana watoto wa kulisha, hana ajira nyingine jirani, na anajua nje ya geti wako wenzake wanaosubiri nafasi hiyohiyo. Mmoja wa waliohojiwa alisema aliambukizwa virusi vya UKIMWI na msimamizi aliyemlazimisha. Kusema mwanamke wa namna hiyo alijua anachokifuata ni kuficha ukweli kwamba alichokifuata ni kazi, na kwamba kazi hiyo ilikuwa haki ya yeyote anayeweza kuchuma majani mawili na chipukizi.

Sisi wenye hospitali ya misheni hapa Igogwe tunapaswa kulielewa hili upesi kuliko wengine. Uonevu wa kazini hauandikwi kwenye daftari la malalamiko la kampuni. Unaonekana miezi kadhaa baadaye, kwenye kliniki ya wajawazito, kwenye dirisha la dawa za kufubaza virusi, kwa binti anayeulizwa baba wa mtoto ni nani naye anatazama chini. Muuguzi hupokea matokeo, na karatasi yake haina mahali pa kuandika jina la nyapara.

Sasa mwitikio. Kampuni zilijibu haraka, na majibu yao yalikaribiana: zimeshtushwa, zinasikitika, zimewasimamisha kazi waliotajwa, zinaanza uchunguzi. James Finlay ilimpiga marufuku yule wakala kwenye mashamba yake. Unilever ilikuwa na la ziada la kusema, kwamba mashamba hayo si yake tena. Ilikuwa imekamilisha kuuza biashara yake ya chai Julai 2022, kwa euro bilioni 4.5, kwa kampuni ya uwekezaji ya CVC Capital Partners, na kampuni mpya, iliyoitwa kwanza ekaterra kisha Lipton Teas and Infusions, ndiyo iliyoachiwa kuwasimamisha mameneja. Wanunuzi wakubwa nao walisogea pembeni: Starbucks ilisimamisha ununuzi kutoka James Finlay ya Kenya, na maduka makubwa ya Uingereza yakatoa taarifa za kusikitika. Bungeni Nairobi mwakilishi wa wanawake wa Kericho aliliibua jambo hilo, na kamati ya kazi ikaagizwa kuchunguza.

Sidharau hata kimoja kati ya hivyo. Mtu aliyekuwa akiwaonea wanawake akiondolewa shambani, wanawake wa kesho yake wamepona naye. Lakini Machi ya mwaka huo bado kulikuwa na mtu mwingine mwenye kalamu ileile, na bado kulikuwa na foleni getini. Mwezi Mei 2023 vijana wa Kericho walichoma moto mashine za kuchumia chai, na katika makabiliano na polisi mtu akapoteza maisha. Hasira yao ilikuwa juu ya ajira zinazomezwa na mashine hizo. Nayataja haya pamoja kwa sababu watu huyatenga: unyanyasaji huwekwa kwenye kurasa za jinsia, mashine kwenye kurasa za uchumi. Kwa mchumaji ni jambo moja. Kadiri nafasi zinavyopungua ndivyo anayezigawa anavyozidi kuwa mungu mdogo.

Na mwenye mali alizidi kwenda mbali. Mwaka 2023 James Finlay ilitangaza kuuza biashara yake ya Kenya kwa Browns Investments ya Sri Lanka. Mwaka uliofuata Lipton nayo ikakubaliana na Browns haohao kuwauzia mashamba yake ya Kenya, Rwanda na Tanzania. Mashamba ya Tanzania yaliyomo katika biashara hiyo ni yale ya Mufindi, jirani zetu wa Iringa, ambako Wanyakyusa wengi wamekwenda kutafuta vibarua tangu enzi za wazee wetu. Kwa hiyo anayesema hayo ni ya Wakenya ajue kwamba mashamba ya Kericho na ya Mufindi yalikuwa na mwenyewe mmoja, yakapita mikono ileile, yakauzwa kwenye mkataba mmoja. Sisemi kilichopigwa picha Kericho kilitendeka Mufindi. Nasema hakuna mpaka wa nchi unaotulinda na mpangilio uleule wa kazi.

Kinachonikera zaidi katika mwitikio wa kampuni ni neno kushtuka. Mwaka 2011 shirika la utafiti la SOMO la Uholanzi lilitoa ripoti juu ya mashamba ya Unilever ya Kericho, na unyanyasaji wa kingono wa wasimamizi ulikuwa humo. Kampuni ikaahidi marekebisho, ikatunga sera, ikaendesha mafunzo. Miaka 12 baadaye kamera ikamkuta meneja akiisoma sera hiyo mchana na kuivunja jioni. Wakati huo wote pakiti za chai hiyo zilikuwa sokoni na nembo ya chura ya Rainforest Alliance, cheti ambacho Kericho ilikuwa ya kwanza kukipata mwaka 2007 kwa chai ya Unilever. Mnunuzi wa London alilipa akiamini kwamba ameulizia kwa niaba ya mchumaji na amejibiwa. Mimi naliita jambo hilo ulaghai, hata kama hakuna mhasibu aliyeghushi hesabu. Kilichouzwa kwenye pakiti kilikuwa na ahadi ndani yake, na ahadi hiyo haikuwepo shambani.

Mahakama nazo zilikuwa zimeshaonyesha jinsi nembo moja inavyoweza kuwa na wenyewe wengi. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, makundi yalivamia mashamba ya Unilever Kericho. Watu waliuawa, wanawake walibakwa. Wafanyakazi na familia zao, 218 kwa jumla, walifungua kesi Uingereza wakitaka kampuni mama iwajibike kwa kushindwa kuwalinda. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ya London iliwakatalia: kampuni ya Kenya ni kampuni ya Kenya, na ile ya London haikuwa ikiongoza usalama wa shamba. Faida hupanda ngazi zote hadi juu, lawama hukwama ngazi ya kwanza.

Watu wanaofuatilia filamu za namna hii watakumbuka iliyozifundisha nyingi kazi, Enron: The Smartest Guys in the Room, ya Alex Gibney, iliyotoka 2005 kutokana na kitabu cha Bethany McLean na Peter Elkind. Enron ilikuwa kampuni ya nishati ya Houston, Marekani, yenye wafanyakazi wapatao 20,000. Hisa yake iliyofikia dola 90 mwaka 2000 ilishuka hadi chini ya dola moja, na Desemba 2, 2001 kampuni ikajitangaza mufilisi. Watazamaji wengi walitoka na sura za wakubwa, Kenneth Lay, Jeffrey Skilling na Andrew Fastow, na kicheko cha wauza umeme kwenye kanda za simu wakati California iko gizani. Mimi nilitoka na kitu kingine. Enron ilikuwa na utaratibu wa kuwapanga wafanyakazi kwa alama kila miezi sita, na walioangukia mkiani, kama asilimia 15, waliwekwa kwenye njia ya kufukuzwa. Mtu anayeishi kwa hofu ya namna hiyo haulizi kwa nini hasara imefichwa kwenye kampuni tanzu. Sherron Watkins, mfanyakazi aliyeuliza, kwa barua aliyomwandikia Lay Agosti 2001, alikuwa mmoja kati ya maelfu. Ukatili wa kazini ulikuwa ndio ukuta uliouficha wizi.

Hapo Houston na Kericho zinakutana, ingawa mmoja amevaa suti na mwingine amebeba kapu mgongoni. Zinapoachana ni kwenye kasi ya haki. Kati ya kuanguka kwa Enron na sheria mpya ya Marekani ya kudhibiti hesabu za makampuni, iliyosainiwa Julai 2002 baada ya kampuni ya WorldCom nayo kuanguka, haikufika miezi minane. Filamu ilikuja baadaye, kueleza. Lay na Skilling walitiwa hatiani Mei 2006. Waliokuwa wameumizwa walikuwa wenye hisa na wenye akiba za uzeeni, watu ambao mbunge wao hupokea simu zao. Wachumaji wa Kericho walisema mwaka 2011, wakasikilizwa 2023.

Nasi Watanzania tumewahi kuwa na filamu yetu, na mwitikio wetu haukuwa wa kujivunia. Mwaka 2004 Hubert Sauper wa Austria alitoa Darwin's Nightmare, iliyopigwa Mwanza, juu ya biashara ya sangara. Huku nyumbani wengi waliijua kwa jina la filamu ya mapanki, yale mabaki ya samaki, kichwa na mifupa, yanayobaki minofu ikishakwenda Ulaya. Ilionyesha marubani, makahaba, watoto wa mitaani, kambi za wavuvi, na ikadokeza kwamba ndege zinazobeba minofu huja na silaha. Ilipata tuzo ya César Ufaransa na ikateuliwa kuwania Oscar. Julai 2006 Rais Jakaya Kikwete aliishutumu katika hotuba yake kwa taifa, na Agosti watu wakaandamana Mwanza kuipinga. Mwandishi wa habari Richard Mgamba, aliyezungumza ndani ya filamu hiyo, alikamatwa na uraia wake ukatiliwa shaka.

Filamu ile ilikuwa na kasoro zake. Madai ya silaha yaliachwa yakielea bila ushahidi wa kutosha, na maisha ya Mwanza yalikatwa hadi ikabaki taabu tupu. Mfanyabiashara wa mapanki anayesomesha watoto kwa biashara hiyo hakupewa nafasi ya kusema. Lakini angalia tulichojadili kwa miezi ile. Tulijadili sura ya nchi, nani amemlipa mpiga picha, nani msaliti. Mshahara wa mkata minofu kiwandani haukujadiliwa. Mkataba wa mvuvi na mwenye mtumbwi na nyavu, ambao humwacha mvuvi na deni msimu hadi msimu, haukujadiliwa. Maandamano yaliitetea Mwanza bila kuwauliza watu wa kambini wanatetewa nini.

Kwa upande mwingine tunajua tunavyoweza kuitikia tukiamua, na mtu wa jirani yetu ndiye aliyeongoza. Mwaka 2006, nchi ikiwa katika mgao mkali wa umeme, kampuni iliyojiita Richmond, ya Houston nayo, ilipewa mkataba wa kuleta mitambo ya megawati 100. Haikuwa na uwezo huo. Kamati Teule ya Bunge chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela, ilichambua mkataba kifungu kwa kifungu, hadi malipo ya Sh152 milioni kwa siku, na ripoti ikasomwa bungeni watu wakisikiliza redio vilabuni na sokoni. Tarehe 7 Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Hapakuwa na filamu. Palikuwa na mkataba uliowekwa hadharani. Na bado hata hapo mpangilio ulibaki: mkataba ulikuwa umehamia kwa kampuni ya Dowans, na mwaka 2010 mahakama ya usuluhishi ya Chemba ya Kimataifa ya Biashara (ICC) iliiamuru TANESCO iilipe Dowans kiasi cha Sh94 bilioni. Waziri Mkuu aliondoka, ankara ikaja.

Nirudi kwenye chai, na kwenye wilaya yetu.

Chai ililetwa Kyimbila na Wajerumani mwaka 1904, miaka miwili baada ya kujaribiwa Amani, Tanga. Leo Rungwe ina chai ya namna mbili. Kuna mashamba makubwa, kama Chivanjee na Musekera, yenye vibarua. Na kuna chai ya wakulima wadogo, maelfu yao, wenye vipande vya nusu ekari na ekari mbili, wanaopeleka majani kwenye viwanda kama Katumba na Mwakaleli. Baada ya Mamlaka ya Chai ya serikali kuelemewa miaka ya 1990, wakulima wakikaa miezi bila malipo, viwanda hivyo viliingia katika Wakulima Tea Company, na chama cha wakulima wadogo wa Rungwe kikapewa sehemu ya hisa. Huo ulikuwa uamuzi mkubwa. Mkulima wa Rungwe ana kitu ambacho mchumaji wa Kericho hana: ardhi chini ya mti wake wa chai, na sehemu ya hisa kupitia chama chake.

Kwa sababu hiyo ukatili wa hapa una sura nyingine, na anayeutafuta kwa macho ya filamu ya Kericho hatauona. Uko kwenye mizani.

Simama kwenye banda la kununulia majani siku ya mvua, na Rungwe ina mvua nyingi kuliko karibu kila mahali nchini. Akina mama wamefika na makapu na viroba, wamejifunika mifuko ya nailoni vichwani. Lori la kiwanda halijafika. Jani la chai si mahindi ya kuwekwa kihengeni; likishachumwa linapaswa kufika kiwandani ndani ya saa chache, vinginevyo linaungua kwa joto lake lenyewe na kuwa jekundu. Kwa hiyo mwenye jani hana subira ya kumtishia mtu. Karani wa mizani anaangalia, anakata maji, anakata uzito wa kiroba, anaandika kilo kamili na kuacha gramu. Mama aliyeleta kilo 12 na gramu 700 akiandikiwa 12, na akipima mara tatu kwa juma, kwa mwezi amepoteza kilo zaidi ya nane ambazo zitakwenda kuwa chai kiwandani, maana kilo nne na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu. Makato ya maji yana sababu ya kweli, majani yaliyolowa yana uzito wa uongo. Tatizo ni kwamba kiasi cha kukata kiko kichwani mwa mtu mmoja, na mama anayelalamika leo anajua mtu huyohuyo atampimia keshokutwa, na anaweza kumwambia majani yako yamekomaa mno, rudi nayo.

Hakuna kamera ya siri itakayoenda kupiga gramu 700. Hakuna Starbucks itakayotoa taarifa. Lakini nguvu anayoishika karani yule ni ndugu wa damu wa nguvu ya nyapara wa Kericho, na kwa karani mwenye tamaa, kutoka kwenye gramu kwenda kwenye mwili wa mwanamke ni hatua fupi. Wakulima wa viazi wanaijua lumbesa, gunia lenye kichwa linalozidi kilo 100 zinazoruhusiwa na Sheria ya Vipimo lakini linalipwa kama gunia moja. Wakala wa Vipimo wameipiga vita miaka nenda rudi, nayo ipo, kwa sababu dalali ana lori na mkulima ana viazi vinavyochipua.

Kuna jambo lingine ambalo wanaume wa Rungwe hatupendi kulisema. Anayechuma chai ya mkulima mdogo ni nani? Mara nyingi ni mke, au binti, au mama wa jirani aliyeajiriwa kwa kilo. Namba ya mkulima kwenye daftari la kiwanda, na akaunti ya benki inayopokea fedha, ni ya nani? Mara nyingi ni ya mume, kwa kuwa shamba ni la ukoo wake. Mwisho wa mwezi fedha inaingia simuni kwake, na mwanamke aliyeinama kwenye ukungu tangu saa kumi na mbili asubuhi anaomba ya sabuni. Yule anayewalaani Wazungu wa Kericho kwa kumfanya mwanamke aombe haki yake ajiulize nyumbani kwake inaombwaje. Mwanamke asiye na shilingi yenye jina lake ndiye atakayevumilia lolote kwa nyapara, kwa karani au kwa wakala wa Mufindi, siku atakapolazimika kutafuta kibarua.

Sheria zipo, na si mbaya. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inaifanya rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai kwa mwenye madaraka anayeidai, na TAKUKURU hupokea taarifa kwa simu ya bure 113. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inauhesabu unyanyasaji kazini kuwa ubaguzi uliokatazwa, na aliyeachishwa isivyo haki ana siku 30 kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Tundu ni hili: kifungu cha 35 cha sheria hiyo hakimlindi dhidi ya kuachishwa isivyo haki mfanyakazi aliyemaliza chini ya miezi 6 kwa mwajiri mmoja, iwe kwa mkataba mmoja au zaidi. Kibarua wa msimu yumo humo katika miezi yake ya kwanza kwa kila mwajiri. Akihamia kwa mwajiri mwingine, anaanza moja. Huyo ndiye hasa mwanamke wa filamu ya Kericho, naye kwa sheria yetu anaweza kuondolewa bila kuulizwa sababu. Wabunge wetu wakitaka kuitikia filamu ile kwa vitendo, waanzie hapo.

Kwa wenzangu wa Igogwe na vijiji vya chai sina ombi la kususia chai wala la kuandamana. Mkutano mkuu wa kijiji, kwa mujibu wa sheria, hufanyika kila miezi mitatu. Naomba kwenye mkutano ujao filamu hii ioneshwe yote, akina baba na akina mama wakiwa pamoja, kisha yajadiliwe mambo matatu na kuandikwa kwenye muhtasari: kiwango cha makato ya maji kibandikwe ukutani kwenye kila banda la kununulia, na gramu ziandikwe, mwanamke mmoja anayechaguliwa na wachumaji asimame kando ya karani kila siku ya kupima, na kila mwanamke anayechuma chai awe na namba yake na akaunti yenye jina lake, hata kama shamba ni la mumewe. Mwenyekiti wa kijiji asiyetaka kuliweka hilo kwenye ajenda na aulizwe sababu mbele ya watu.